Kauboi Aliyekuja Kujenga Uzio

Mmeniomba mara tatu sasa, nyie mnaotafsiria picha kwenye laptopu mkiwa mmejifungia chumbani, niwaandikie sie wa zamani tulikuwa tunafanyaje. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu mwezi uliopita sina kazi, na mke wangu amechoka kuniona nimekaa barazani hapa Bunju nikitafsiri maneno ya majirani. Ya pili, nimezisikiliza kazi zenu. Sauti mnazo, lugha mnaijua kuliko mie, ila mnaongea bila kupumua. Mtu kwenye picha anakunywa chai, nyie mnaongea. Analala, mnaongea. Ugonjwa huo najua mmeupata wapi. Mmeupata kwangu, kwa hiyo ni haki yenu niwaeleze ulivyonimaliza.

Sitaandika nililipwaje wala nilipanda vipi. Kazi hii haina vyeo. Kuna mwenye maiki na kuna waliokaa kwenye mabenchi, basi.

Nilianzia Tandale, nyuma ya soko, kwenye banda la mabati lenye mabenchi tisa na runinga moja ya mgongo mkubwa. Nilikuwa nimetoka Songea na Kiingereza nilichokiokota jikoni kwa mapadri, ambako kazi yangu ilikuwa kuosha masufuria na kusikiliza. Aliyenipokea ni Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, ambaye asubuhi alichonga vinyago na alasiri akatafsiri picha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi maiki hata jina hajaniuliza. Maiki yenyewe ilikuwa inapiga shoti. Ukiigusa kwa mdomo meno yanagongana, ndiyo maana iliviringishiwa leso, na leso ile sidhani kama iliwahi kufuliwa. Deki la kaseti lilikuwa haliwaki mpaka lipigwe kofi ubavu wa kushoto. Ukikosea ukapiga wa kulia, linatafuna mkanda. Picha ya siku ile ilikuwa ya mapigano ya Kichina, na Kichina mie sikijui.

"Mzee, mbona sielewi hata neno moja?" nikamnong'oneza.

"Hata mie sielewi," akasema. "Tazama mabega. Mtu akidanganya mabega yanapanda, akiogopa yanashuka. Mengine utayasikia kwa wanaocheka."

Hata hivyo Nandonde mwenyewe hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa hashiki picha ambayo hajaitazama mara tatu. Mara ya kwanza aliitazama kama mteja, anatafuna karanga zake. Ya pili alishika daftari. Ya tatu alizima sauti kabisa, akawa anatazama midomo na mikono tu. Halafu kwenye kutafsiri kwenyewe alisema machache, mpaka wengine wakadhani mzee amechoka. Pale ambapo kwenye picha hakuna anayeongea, na yeye haongei. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kuwa watu wana macho na hakuajiriwa kuwatazamia.

Mie nilikuwa kijana, kwa hiyo nilijua zaidi. Niligundua mapema kwamba nikinyamaza watu wanageuka nyuma kuangalia kama nimesinzia, na nikisema chochote wanacheka. Basi nikawa nasema chochote. Farasi akilia, nilitafsiri. Mlango ukigongwa, nilitafsiri mlango. Steringi wa picha na adui wakitazamana dakika nzima kabla ya kuzipiga, mie nilikuwa nimeshawafanya mashemeji wanaogombea kiwanja cha urithi Mbagala. Watu walikuwa wanatoka Manzese kuja kunisikiliza. Nilipiga fiksi, uongo mtupu, mchana kweupe nikapigiwa makofi, na sijui kazi nyingine inayokupa raha hiyo, ukiacha siasa.

Kuna siku moja ambayo hainipendezi kuiandika. Kulikuwa na picha ya mama amesimama kwenye kaburi la mtoto wake, kimya, muda mrefu. Mie nikamtia maneno mdomoni, nikamfanya anawataja waliokula pilau nyingi matangani. Banda zima lilicheka. Mama mmoja muuza dagaa akainuka kwenye benchi la kati, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Nandonde aliniambia kesho yake kuwa mama yule alikuwa amezika mwanawe juzijuzi tu. Hakunigombeza, ila siku mbili hakunisemesha, na aliponisemesha alinituma nikalipige deki kofi. Niliona aibu sana. Aibu ile ilikaa wiki moja, halafu watu wakacheka tena, nikaisahau.

Nandonde alirudi kwao Newala macho yalipoanza kuona ukungu. Mie nikahamia Vingunguti, kwenye banda la Bi Zuhura, na huko ndiko nilikokaa mpaka mwisho. Wateja wa pale wengi walikuwa wachinjaji na wachuna ngozi. Ni watu wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri, wanashinda na visu, na Jumapili saa tisa alasiri wameshaoga, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wanataka kukaa chini wamwone mtu mwingine akitokwa jasho. Benchi la mbele lilikuwa la Shomari, mchuna ngozi mwenye mikono mikubwa kuliko wote. Benchi la ukutani lilikuwa la Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja Dar zamani na lori la ng'ombe, ng'ombe wakaisha, yeye akabaki. Walikuwa wananiita Anko Beda. Nikikohoa tu kwenye maiki, wanacheka.

Kaseti zikaisha, zikaja sidii. Sidii zikaisha, zikaja flashi. Wenzangu wa maiki wakaacha mmoja mmoja, mwingine bodaboda, mwingine ushereheshaji wa harusi, ambao ni uongo uleule lakini unapewa chakula. Halafu mkaja nyie, na picha zenu zilizotafsiriwa kabisa, mtu anaziweka kwenye simu anatazama akiwa chooni. Mabenchi ya Bi Zuhura yakaanza kuonyesha mbao.

Bi Zuhura alikuwa na mkwe, Rashidi, fundi simu, mtu mpole asiye na neno na mtu. Mpole hasa, ndiyo maana nilimchukia. Siku moja alimwambia mama mkwe wake, mbele yangu, kwa adabu zote, "Mama, picha zilizotafsiriwa ninazo tele. Siku za mpira tunaweka mpira, siku nyingine tunaweka hizo. Anko apumzike." Bi Zuhura alikuwa anakaanga mihogo mlangoni. Aliigeuza yote kwanza ndipo akajibu.

"Jumapili hii, Beda," akaniambia. "Weka picha unayoitaka mwenyewe. Watu wakikaa mpaka mwisho, maiki ni yako mpaka uchoke. Wakitoka katikati, mpe Rashidi. Mie sitaki ugomvi wa kila siku nyumbani kwangu."

Nikasema sawa dada, kwa sauti ya mtu asiyejali. Nilijali sana. Nina miaka sitini na ushee na kitu pekee ninachokijua ni kukaa nyuma ya watu kwenye giza nikawaeleza wanachokiona. Kazi hiyo ukinyang'anywa, hakuna ofisi ya kwenda kuuliza kama wana nafasi.

Nikachagua kauboi. Wachinjaji wanapenda kauboi kwa kuwa kuna ng'ombe, kuna visu, na hakuna mtu anayelia kwa sababu ya mapenzi. Picha niliipata ikiwa na jalada safi kabisa: mwanamume wa kofia, bastola mkononi, nyuma yake moto unawaka mpaka mawinguni. Nataka mjue kuwa moto ule haumo ndani ya picha. Niliutafuta. Moto uliomo ni wa kuchemshia kahawa.

Jumamosi niliketi niitazame, maana maneno ya Nandonde hayakuwa yamenitoka kabisa. Mwanamume anakuja na farasi kutoka mbali. Mbali hasa. Nilimwona akiwa punje, nikaenda kubandika chai, nikarudi, bado anakuja. Alipofika akamkuta mwanamke amesimama mbele ya nyumba ya mbao. Wakatazamana. Akaona uzio umeanguka, akashuka, akachukua sururu, akaanza kuchimba shimo. Nikasinzia. Nilipozinduka anachimba shimo. Nilidhani ni lilelile, kumbe la nne. Nikasinzia tena. Nilipoamka mara ya pili nikajiambia, Beda, kauboi ni kauboi, umewatafsiri maisha yako yote, mwisho wa siku watapigana risasi tu. Nikazima, nikala, nikalala vizuri.

Jumapili nikatangaza kwa spika tangu saa saba mchana: risasi mwanzo mwisho, mwenye presha abaki nyumbani. Banda likajaa. Hata Rashidi alikuja, akasimama mlangoni karibu na karai la mihogo. Bi Zuhura alikaa kwenye kigoda chake, mgongo kwa mihogo na uso kwetu, jambo ambalo hakuwa analifanyaga.

Nikaanza. Kauboi anakuja kutoka mbali, hasemi kitu, na muziki wenyewe ni uzi mmoja wa gitaa unaokwaruzwa kila baada ya dakika. Nafasi yote ile ni yangu. Nikawaambia anaitwa Joni, katoka jela, miaka kumi alisingiziwa wizi wa ng'ombe, na mwanamke huyu ni mkewe, ila hamtambui kwa sababu ya ndevu.

"Ndevu zinaficha mtu kweli," akasema Shomari.

Nikapata moto. Mwanamke akimtazama tu, mie nampa maneno: huyu mgeni mbona anatembea kama mume wangu aliye jela. Kauboi akaanza kuchimba, nikasema anatafuta dhahabu aliyoifukia kabla hajafungwa. Hapo nilijiweka pabaya bila kujua. Shimo la kwanza watu walinyoosha shingo. La pili wakanyoosha tena. La sita, hakuna dhahabu. Shimo la nane kauboi akaingiza nguzo, akashindilia udongo kwa mguu, akaenda kuchimba la tisa, na banda zima likawa limeshaelewa kuwa mtu huyu anajenga uzio. Aliyebaki anatafuta dhahabu nilikuwa mie peke yangu.

"Anko, risasi ziko wapi?" akauliza Shomari, taratibu.

"Zinakuja. Anawavuta wakae vizuri."

"Kina nani? Mbona wako wawili tu?"

Wakati huo tuko karibu saa nzima. Wawili wa nyuma wakasimama, wakajinyoosha, wakawa hawajui wakae au watoke. Kwenye picha upepo unavuma kwenye majani. Nikautafsiri upepo. Kisha mwanamke akaenda nyuma ya nyumba na maua mkononi, na pale palikuwa na kaburi. Kamera ikaingia ndani, ikaonyesha ukutani picha ya bwana harusi amesimama na mwanamke huyuhuyu. Bwana harusi mfupi, mwembamba, ana kipara. Na kwa mara ya kwanza tangu tuanze, mwanamke akafungua mdomo akasema waziwazi kuwa mume wake alikufa miaka miwili iliyopita.

Banda zima lina watu waliosoma kidogo na watu wasiosoma kabisa, lakini kaburi ni kaburi. Wakageuka kunitazama.

"Huyo ni pacha wake," nikasema kwenye maiki. "Aliyekufa ni pacha wa Joni."

"Pacha mmoja kipara, mmoja ana nywele mpaka mabegani?" akauliza Shomari.

"Mapacha wa baba mmoja," nikasema. "Mama tofauti."

Nimesema maneno mengi ya kipuuzi kwenye kazi hii, ila hayo ndiyo nayasikia nikiwa naoga. Mzee Masanja, ambaye huwa hacheki, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikaisha, na mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu. Sita, saba wamesimama. Rashidi akatazama chini, kwa adabu yake ileile. Bi Zuhura alikuwa ananitazama mie, siyo watu. Nikajisikia mjinga wa kupindukia, kwa sababu jibu la yote lilikuwa kwenye picha tangu jana na mie nilikuwa nimelala.

Kwenye picha farasi akavunjika mguu shimoni. Kauboi akatoa bastola, akampiga risasi moja. Nikapaza sauti, sasa moto umewaka, mabwana, sasa ndiyo picha inaanza. Kauboi akairudisha bastola mkobani, akamfunika farasi turubai. Hiyo ndiyo risasi ya picha nzima. Picha ya saa mbili na dakika kumi, risasi moja, tena kwa huruma.

Kilichoniokoa ni dume la ng'ombe. Baridi ilikuwa inakuja huko kwao, na chakula hakuna, basi mwanamke akamtoa ng'ombe, na kauboi akamchinja na kuanza kumchuna. Hawakuruka kitu. Kisu, ngozi, mvuke, pumzi. Mie nikawa naendelea, Joni sasa anakumbuka alivyochinja jela, na kadhalika. Shomari akanyanyua mkono bila kugeuka.

"Anko, nyamaza kidogo. Tuone kazi."

Nikanyamaza. Waliosimama wakakaa, si wote kwa pamoja, mmoja mmoja, macho yako mbele. Kwa mara ya kwanza nikasikia kuwa picha ile ilikuwa na sauti yake: kisu kinapita kati ya ngozi na nyama, mwanamke anapumua, mbwa anasogea.

"Kaanzia mguu wa nyuma. Anajua."

"Kisu kizuri. Kina mgongo mwembamba."

"Yule mwenye kofia siye anayechuna," akasema Shomari. "Tazama mikono. Uso hauonyeshwi. Yule mwenye kofia kucha zake safi, na huyu ana kovu kidoleni. Wamemleta mtu wa kazi."

Wote wakainama kutazama, na ilikuwa kweli. Nimetafsiri picha maisha yangu yote, sijawahi kuona mkono wa mtu mwingine ndani ya shati la steringi. Nilikuwa siangalii, nilikuwa naongea.

Baada ya hapo sikusema tena. Nisijisifu, sikufanya hivyo kwa busara. Nilikuwa sijui kinachokuja na nilikuwa nimeishiwa mapacha. Nikaketi nikaitazama kama mteja. Na niwaambie nyie mnaoipenda kasi, picha ile ina nguvu ambayo jalada lake halijui. Inamwonyesha mtu akifanya kazi mpaka unajua kuwa anafanya kazi ili asiseme kitu. Kila nguzo anayoisimamisha amesogeza siku ya kusema. Mwanamke anamwekea chakula barazani, siyo ndani, na sahani anaisukuma kwa vidole viwili. Usipotazama vidole vile hujaiona picha. Na risasi ile moja, kwa kuwa ni moja, wiki nzima baadaye nilikuwa bado naisikia.

Uzio ulipokamilika, kauboi akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akatoa saa ya mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa ya yule wa kipara, ileile aliyoivaa kwenye picha ya ukutani. Yeye ndiye aliyemuua. Hakuna aliyesema, ila kila mtu kwenye banda alielewa papo hapo, na mwanamke hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Amemwacha ajenge uzio mzima, nguzo kwa nguzo, ndipo akaenda mpaka getini, akasimama, na kauboi akapita na mfuko wake begani. Mwanamke akasema sentensi moja. Kauboi akaenda zake kwa miguu, akichukua muda uleule aliokuja nao, mpaka akawa punje. Benchi halikusogea. Mihogo ya Bi Zuhura iliungua, nikaisikia harufu, yeye hakuisikia.

Sasa msije mkadhani nimeokoka. Picha ile ina kasoro na nitazisema, kwa sababu walioitengeneza hakuna aliyewaambia. Inajipenda. Kuna mlima umeonyeshwa mara tisa, na mlima haukubadilika. Kauboi havui kofia hata akilala, utafikiri kipara ni chake. Mwongozaji amesadiki kuwa mtu akinyamaza ana mambo mazito, wakati wengine tunawajua, wananyamaza kwa kuwa hawana la kusema. Mwanamke, ambaye ndiye mwenye picha kwa haki, amepewa sentensi tatu na uchafu wote wa kufagia. Na hana jirani hata mmoja. Mjane Vingunguti akiletewa mwanamume wa kumjengea uzio, kufika adhuhuri wameshakuja kumi kuazima chumvi, na mauaji yangefichuka siku ya pili, picha ikaisha kwa nusu saa. Kingine, yule farasi alikuwa na maisha mazuri kuliko wote na ndiye aliyekufa.

Taa zilipowashwa watu walitoka nje lakini hawakuondoka. Walisimama mlangoni wakibishana, kwa sababu Kiingereza cha mwisho hakuna aliyekipata, na mwenye kazi ya kuwapatia alikuwa amenyamaza.

"Amemwambia nimekusamehe," akasema mmoja. "Mliona macho?"

"Macho gani. Amemlaani yeye na kizazi chake."

"Amemwambia rudi," akasema Mzee Masanja. "Uzio umejengwa, nani atauangalia? Amemwambia rudi, yeye kaona aibu."

Walikuwa wamekasirikiana kweli. Shomari akaja kunishika mkono, akanivuta katikati yao. "Anko, leo hatutaki utani. Yule mama kasema nini pale getini?"

Neno lile nilikuwa nimelisikia vizuri kuliko neno lolote nililowahi kulisikia kwenye banda. Ningeweza kuwapa chochote. Nilikuwa na la msamaha tayari mdomoni, zuri, lingemliza mtu. Nikamkumbuka yule mama wa dagaa, sijui kwa nini siku ile, nikaona niseme kilichosemwa.

"Kasema, ukitoka funga geti."

Wakanitazama.

"Funga geti," nikarudia. "Basi. Ng'ombe wasitoke."

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nikaapa, haki ya Mungu ndivyo alivyosema, wakacheka zaidi. Shomari peke yake alinionea huruma. Akanipiga begani na ule mkono wake, akaniambia, "Anko, unaona sasa. Mtu kamuulia mume, amwambie funga geti? Fiksi zako zimezidi." Wakaondoka kwa makundi, kila mmoja na sentensi yake, wa msamaha na msamaha wake, wa laana na laana yake. Miaka yote nimewadanganya wakaniamini. Niliposema kweli mara moja, nikapewa pole.

Nikabaki na Bi Zuhura na Rashidi. Rashidi alikuwa anakunja nyaya, hanitazami. Bi Zuhura alikuja akasimama mbele yangu, ana furaha ya kweli usoni, na ndiyo maana sina kinyongo naye hata leo.

"Wamekaa mpaka mwisho," akasema. "Sijawahi kuona. Ahadi ni ahadi, maiki ni yako. Jumapili uje."

"Nashukuru dada."

"Ila uje hivyohivyo, Beda," akasema, akanishika mkono. "Unyamaze kama leo. Leo watu wamekupenda sana."

Rashidi akaacha nyaya akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa amesikitika. Nikampa maiki. Wala hakuwa ameniomba.